Mkate wa mashine kudidimia katikati

Dada, kwa kuwa umeeleza kwamba mkate wako huumuka vizuri kisha hudidimia katikati mashine inapoanza kuoka, mimi ningeishuku hamira pamoja na joto la hapa Dar es Salaam kabla ya kuilaumu mashine. Vitabu vingi vya maelekezo huandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Jikoni kwetu mwezi Februari, ambapo hewa hufika nyuzi 30 na zaidi, donge huumuka kupita kiasi na kuishiwa nguvu kabla halijaiva. Tumia maji ya friji, na kwa nusu kilo ya unga wa ngano punguza hamira hadi kijiko cha chai kimoja na nusu, bila kuacha chumvi, kwa sababu chumvi huipunguzia hamira kasi. Mashine ikiwa bado inakanda, funua mfuniko utazame: donge likinata pembeni, ongeza unga kijiko kimoja kimoja, maana unga uliokaa katika unyevunyevu wa pwani huhitaji maji pungufu. Ikianza kuoka, usifunue tena.

Kuhusu usafi, mimina maji ya vuguvugu katika sufuria ya mashine na uyaache kwa nusu saa ili kipande cha kukandia kilegee. Niliwahi kukichokonoa kwa kisu (haraka ya asubuhi!), nikakwangua utando wa ndani, na tangu siku hiyo mkate hung'ang'ania sufuria.