Mvuke ulioungua haurudishwi na priseti

SWALI: Nasoma Göttingen, Ujerumani. Februari nilipanda mlima Brocken kupiga picha treni ya mvuke ikipita kwenye theluji. Mvuke umetoka mweupe pepe, hauna umbo, na injini ni nyeusi tii. Kwenye programu ya kuhariri picha nikavuta slaida (kitelezi cha kurekebisha) ya kuondoa ukungu. Mvuke ukageuka kijivu kichafu na injini ikazungukwa na mstari unaong'aa. Kuna mtu mtandaoni anauza priseti za "treni na milima", anadai zinarudisha kila kitu. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Ningeishia hapo, ila swali hili naletewa kila msimu wa baridi, na kila mara muuzaji keshalipwa.

Priseti ni kumbukumbu ya mahali slaida zilipokaa siku mtu mwingine alipohariri picha nyingine, iliyopigwa kwenye mwanga mwingine. Haijui kama ulichofungua ni Brocken au harusi ya binamu yako. Kurudisha kitu ambacho kamera haikukirekodi haiwezi, hata ikiuzwa kwa bei gani.

Hukusema kama ulipiga kwa RAW (faili ghafi lenye kila kilichorekodiwa na kamera) au JPEG (faili lililobanwa na kamera), na hilo ndilo linaloamua. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Fungua faili halisi, futa marekebisho yote, kisha shusha slaida ya mwanga mkali hadi mwisho. Mikunjo ya mvuke ikijitokeza, picha unayo. Ukiona kijivu kitupu kilicholala, mvuke uliungua, yaani ulizidiwa na mwanga, palepale mlimani, na hakuna fundi wa kuutoa humo.

Sasa hiyo slaida ya ukungu, ambayo ndiyo inanichosha kuliko yote. Kazi yake ni kutafuta sehemu zilizopauka, zenye tofauti ndogo ya mwanga na kivuli, na kuzikaza. Mvuke ndivyo ulivyo! Umeiambia programu iondoe kitu kilekile ulichokifuata mlimani, ikajaribu kutii. Ule mstari unaong'aa ni programu ikihangaika pale injini nyeusi inapokutana na wingu jeupe. Mvuke wenyewe, kwa taarifa yako, hauonekani. Tazama vali ya usalama ya injini inapofoka: juu yake tu pana nafasi tupu, halafu ndipo wingu linaanza, hewa baridi ikishageuza mvuke kuwa vitone vya maji. Ndiyo maana Februari unapata wingu zito na mchana wa joto wa Julai unaambulia uzi tu. Wingu hilo linatengenezwa na hali ya hewa. Slaida haina mchango.

Dawa iko kwenye kamera, kabla treni haijafika. Kipima mwanga cha kamera kikiona injini nyeusi imejaa kwenye fremu hudhani kuna giza, kinaongeza mwanga, na mvuke unaungua. Weka kila kitu kwa mkono. Pima theluji iliyopigwa na jua, iache iwe nyeupe lakini histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) isigonge ukuta wa kulia, kisha usiguse tena. Kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inatosha, maana treni ile haikimbii. Ipige ikipanda: bomba la moshi liko mbele na injini inafanya kazi kweli. Ikishuka hurudi kinyumenyume, na mvuke ni haba. Injini itatoka nyeusi, sawa. Vivuli vya RAW vina akiba kubwa. Chora maski, yaani eneo teule la kuhariri, juu ya injini peke yake na upandishe vivuli hadi uone fito na yale magurudumu mekundu. Rangi usiikoleze, utapata magurudumu ya chungwa.

Wauza priseti hawakufundishi haya kwa sababu hawauzi picha, wanauza matumaini. Nimeona picha za Brocken zilizopitishwa kwenye priseti zao: misonobari iliyokufa kwa ukame na mbawakawa wanaokula magome, ambayo imesimama kijivu mlima mzima, imepakwa kijani cha samawati kana kwamba iko hai. Nimeona moshi mweusi uliobandikwa na akili mnemba ukielekea kushoto, huku mvuke wa silinda chini yake unapeperushwa kulia. Na moshi mweusi wanauona ndiyo nguvu! Ni makaa yasiyoungua sawasawa, na mchochea moto anayejua kazi huona haya kuutoa. Wengine hunyoosha reli hadi ilale bapa, wakati njia ile hupanda hadi mita 1 kwa kila mita 30. Reli ikilala, miti yote inainama. Nyoosha kwa kufuata miti au nguzo.

Kupamba picha ya ukutani kwako hakumdhuru mtu. Ila ukianza kuiuza au kuipeleka mashindanoni, jua kwamba mashindano makubwa ya picha za habari kama World Press Photo huwataka waliofika hatua za mwisho watume faili halisi zilivyotoka kwenye kamera. Hapo moshi wa kubandika hujulikana kwa dakika moja.

Brocken ina ukungu zaidi ya siku 300 kwa mwaka, kwa hiyo angalia utabiri wa kileleni na si wa Wernigerode, mji ulio chini ya mlima. Ukifika, baki kwenye njia ya wapita kwa miguu. Ile fedha ya priseti ongezea kwenye tiketi.