Nguo za Jioni kwa Mwanamume Anayesafiri kwa Meli ya Mtoni

Mwanamume anayefungasha sanduku kwa ajili ya safari ya meli ya mtoni huwa na swali moja linalomsumbua kuliko mengine: zile jioni mbili au tatu za heshima, anapokaribishwa na nahodha au anapoagana na wenzake wa safari, avae nini? Nimesafiri kwa meli za namna hiyo mara tatu, mara mbili katika mito ya Ulaya na mara moja katika Mto Nile, na nimefikia uamuzi kwamba koti moja zuri la sufu, la rangi ya buluu iliyokolea, likiwa limekukaa sawasawa mabegani, litakufaa kuliko suti nzima na tai tatu.

Safari ya kwanza ilikuwa ya usiku saba katika mto Danube, kutoka Passau hadi Budapest. Nilibeba suti nyeusi kamili, mashati matano meupe, tai tatu na viatu vyeusi vyenye soli ya ngozi, kwa sababu yote niliyoyajua kuhusu meli yalitokana na habari za meli kubwa za baharini, ambako baadhi ya kampuni bado zina usiku rasmi wa suti nyeusi na tai ya kipepeo. Meli ya mtoni haiko hivyo, na sababu imo katika umbo lake. Upana wake huamuliwa na malango ya maji, yaani vile vyumba vya zege vinavyojazwa na kupunguzwa maji ili kuiinua au kuishusha meli. Katika mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube, uliokamilika mwaka 1992, malango hayo yana upana wa mita 12, ndiyo maana meli nyingi za mito hiyo zina upana wa mita 11.4 na urefu usiozidi mita 135. Kwa kawaida hukaa humo abiria wasiofika 200, chumba cha kulia ni kimoja, ukumbi wa kupumzikia ni mmoja, na kabati la nguo katika chumba cha abiria lina nafasi ya kutundika nguo chache tu. Katika udogo huo watu huzoeana upesi, na urasmi mkubwa hauna pa kukaa.

Usiku wa nahodha, katika meza yetu ya wanaume wanne, ni mimi peke yangu niliyekuwa na tai. Wenzangu walivaa makoti mepesi juu ya mashati yaliyofunguliwa kifungo cha juu, nao walipendeza. Hakuna aliyenisema, lakini nilitambua kwamba karibu nusu ya sanduku langu nilikuwa nimeibeba kwa ajili ya jioni isiyokuwepo.

Kwa hiyo ni vyema kwanza kuujua mpangilio wa jioni zenyewe. Katika safari ya juma moja, jioni nyingi ni za kawaida: suruali ndefu safi, shati lenye kola na viatu vilivyofunika miguu vinatosha kabisa. Karamu ya nahodha ya kuwakaribisha abiria huwa usiku wa kwanza au wa pili, na karamu ya kuagana huwa karibu na mwisho. Kampuni nyingi huandika kwamba mavazi yawe nadhifu bila kuwa rasmi, na maneno hayo yachukuliwe kama yalivyo. Kaptura, fulana na kandambili haviingii katika chumba cha kulia wakati wa chakula cha jioni. Jinzi nyeusi au za buluu iliyokolea huvumiliwa jioni za kawaida katika meli nyingi, ila kwa maoni yangu usiku wa nahodha si mahali pake, kwa kuwa siku hiyo wahudumu na maofisa wenyewe wamevaa sare zao bora kwa ajili yako, na kuwarudishia heshima hiyo hakugharimu kitu.

Nirudi kwenye koti, maana hapo ndipo penye uamuzi wote. Nasisitiza sufu nyepesi kwa sababu nyuzi zake hujirudi: koti lililokunjika sandukuni ukilitundika bafuni wakati unaoga maji ya moto, mvuke hulilainisha, na ukiliacha lipumzike usiku kucha, asubuhi mikunjo mingi imeondoka. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu pasi haziruhusiwi vyumbani katika karibu meli zote, kwa hofu ya moto, na atakayezibeba huombwa azikabidhi. Kitani ni kitambaa kizuri chenye hewa, lakini ukikaa nacho kwa chakula cha saa mbili unainuka umejaa mikunjo kiunoni na viwikoni, na huna cha kuinyoosha. Buluu iliyokolea nimeichagua kwa kuwa inakubaliana na suruali ya kijivu usiku wa nahodha na suruali ya kadeti jioni nyingine, nayo haina ukali wa nyeusi, ambayo chini ya taa hudhihirisha kila unyuzi na kila chembe ya vumbi. Mpelekee fundi cherehani koti hilo majuma kadhaa kabla ya safari, apunguze mikono hadi ncha ya shati ionekane kidogo. Koti la bei ya kawaida lililorekebishwa hupendeza kuliko la gharama kubwa linaloning'inia.

Kuhusu kulivaa koti lilelile kila jioni, wengine huona haya, nami nadhani hawana sababu. Watu unaokula nao hutazama kilicho karibu na uso wako, yaani kola na shati. Badilisha shati, na koti litaonekana jipya. Mashati matatu ya jioni yananitosha kwa juma zima: jeupe, la samawati, na moja lenye mistari myembamba, yote ya pamba iliyofumwa ili isikunjamane kirahisi. Meli nyingi hufua na kupiga pasi nguo za abiria kwa malipo ya kila nguo, lakini kazi hiyo huchukua muda, hivyo shati la karamu ya kuagana lipeleke siku mbili kabla. Tai beba moja tu, ya hariri au ya kufumwa, uiviringishe ndani ya kiatu. Huenda usiivae, lakini ikiwa moyo wako hutulia unapokuwa nayo, haina uzito. Suruali mbili za jioni, ya sufu ya kijivu na ya kadeti, zinatosha.

Viatu vinastahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu kosa la viatu linaweza kukuumiza. Katika bandari zenye shughuli nyingi meli hufungwa ubavu kwa ubavu, na ili ufike ufukoni inakubidi upite ndani ya meli ya jirani au upande hadi sitaha ya juu na kushuka kwa ngazi nyembamba za chuma, ambazo mara nyingi zimelowa. Ukishafika nchi kavu, miji ya kale ya kando ya mito hiyo, kama Regensburg au Vienna, ina njia za mawe yaliyopangwa. Nikiwa na zile soli zangu za ngozi niliteleza ngazini jioni moja mvua ikinyesha, na kama mhudumu hangenidaka mkono, sijui ningeanguka vipi. Tangu hapo navaa viatu vya ngozi ya kahawia iliyoiva, vyenye soli ya mpira isiyoonekana kwa nje, pamoja na mkanda wa rangi hiyohiyo. Vinaonekana vya heshima mezani na vinashika mawe vizuri.

Soli hizo huhitajika hasa jioni ya Vienna, kwa kuwa meli nyingi zinapolala hapo huandaa safari ya kwenda kusikiliza muziki wa Mozart na Strauss. Basi huondoka muda mfupi baada ya chakula kilichotangulizwa mapema, na hakuna nafasi ya kurudi chumbani kubadilisha nguo, kwa hiyo nenda mezani ukiwa umevaa utakachoendea ukumbini. Na baada ya chakula, usisahau baridi. Meli inapoingia Budapest usiku, abiria wote hupanda juu kutazama jengo la Bunge likimetameta kandokando ya maji, na upepo wa mtoni mwezi wa Aprili au Oktoba hupenya shati lolote. Sweta jembamba la shingo ya V linaloingia chini ya koti limenifaa zaidi kuliko jaketi zito.

Mto Nile una utaratibu wake. Kati ya Luxor na Aswan joto huniondolea kabisa haja ya sufu, na huko nilivaa koti la pamba lisilo na bitana kwa usiku mmoja tu. Meli nyingi za huko zina pia usiku wa galabia, vazi refu la Kimisri linalofanana na kanzu. Mwenye kanzu nyumbani aibebe, kwani itampendeza kuliko ile atakayonunua kwa haraka melini.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito, kwa sababu lilinipata. Katika safari yangu ya pili, kutoka Amsterdam hadi Basel katika mto Rhine, shirika la ndege lilichelewesha sanduku langu. Hoteli ingelisubiri mahali pamoja, lakini meli husonga mbele kila siku, na sanduku linabaki nyuma likiifukuzia. Langu lilinifikia siku ya tatu, Cologne, wakati karamu ya nahodha ilikwisha kufanyika usiku uliotangulia. Niliihudhuria bila wasiwasi, kwa kuwa nilisafiri nimevaa koti lenyewe, suruali ya kijivu na viatu vya kahawia, na katika mkoba wa mkononi nilikuwa na shati moja jeupe, soksi, nguo za ndani na vifaa vya kunyolea. Koti lina mifuko ya pasipoti na tiketi, na likivaliwa halikunjiki jinsi linavyokunjika sandukuni. Vivae hivyo hata wakati wa kurudi, kwa maana asubuhi ya kushuka masanduku hutakiwa kuwekwa nje ya mlango mapema sana, na ulichokwisha kukifunga humo hutakiona tena mpaka ufike nchi kavu.