Dola kwenye faktire, faranga kwenye vitabu

Ndugu, umetoka Dar es Salaam, una duka la vipuri hapa Lubumbashi, unauza kwa dola na unauliza vitabu viandikwe vipi. Faktire (ankara) unaweza kutoa kwa dola, lakini hesabu unaishika kwa faranga ya Kongo, kwa utaratibu wa SYSCOHADA, yaani mfumo wa uhasibu wa nchi za OHADA, umoja wa sheria za biashara Afrika. Andika kiwango cha siku hiyo pembeni ya kila mauzo. Pampu ya dola 200, TVA (kodi ya ongezeko la thamani, VAT ya kwenu) 16% ni dola 32. Tuseme dola ni faranga 2,500: mauzo 500,000, TVA 80,000. Hizo 80,000 si zako, zitenge palepale. Wengi huzinunulia mzigo, kisha tarehe 15 ya mwezi unaofuata inawakuta mikono mitupu.

Hiyo tarehe 15 ndiyo mwisho wa kupeleka deklarasyo ya TVA na kuilipa kwa DGI, mamlaka ya kodi. Usipouza kitu, bado peleka, ya sifuri.

TVA ya manunuzi utaikata kwenye TVA unayodaiwa tu kama faktire ina jina lako, namba ya kodi ya muuzaji na TVA iliyoandikwa peke yake. Karatasi ya sokoni haisaidii kitu. Na pesa ya kula nyumbani isitoke kwenye kase (sanduku la pesa) bila kuandikwa. Mkaguzi anaweza kuihesabu kama mauzo yaliyofichwa.