Mkoba wa viraka unajikunja

SWALI: Nashona mikoba ya viraka vya vitenge kwa mtindo wa Kijapani. Nikishapitisha mishono juu ya pamba, bitana inajikunja na mkoba unapungua. Nakosea wapi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza vitambaa, haikutosha, dada. Tandaza bitana uso chini, weka pamba, kisha viraka. Piga bandi kutoka katikati kwenda pembeni, mistari iachane sentimita 10. Mishono nayo ianzie katikati, urefu milimita 3, na mguu wa cherehani uulegeze. Ukikaza sana unasukuma kitambaa cha juu huku meno ya cherehani yakivuta cha chini.

Kupungua hakuepukiki, kwani pamba inanyanyua kitambaa. Acha ziada ya sentimita 3 kila upande, ukate kwa patroni baada ya mishono. Na kitenge kipya kifuliwe kwanza!