Jibu: kuchanganya kitabu huria na makala ya Wikipedia

Mwalimu, umeuliza kama unaweza kutafsiri sura ya kitabu cha kalkulasi cha OpenStax (wachapishaji wa vitabu huria vya bure), uichanganye na maelezo ya Wikipedia, kisha uwagawie wanafunzi bure. Kutafsiri ni ruksa. Mtego uko kwenye kuchanganya.

Kitabu kile kina leseni ya Creative Commons (CC) iitwayo CC BY-NC-SA: mtaje mwandishi, usifanye biashara, na kazi yako mpya ibebe leseni ileile. Wikipedia ni CC BY-SA, yaani bila lile katazo la biashara, nayo inadai leseni yake yenyewe. Ukifuma aya zao pamoja, huwezi kuzitii zote mbili. Ziache ziwe sehemu mbili zinazojitegemea, kila moja na leseni yake.

Chini ya kila sehemu andika jina la kazi, mwandishi, kiungo, leseni, halafu "imetafsiriwa na kufupishwa". Wengi husahau hayo maneno ya mwisho, na ni sharti. Kagua picha mojamoja pia, maana maandishi madogo chini yake huweza kutaja leseni nyingine kabisa. Ukikuta ND, yaani hairuhusiwi kusambaza kazi iliyobadilishwa, usisambaze tafsiri bila idhini.

Na tafadhali, toa faili la Word pamoja na PDF, ili mwenzako akitaka kubadili zoezi moja asilazimike kuchapa sura nzima upya.