Maswali yenu: Kakao, wauza miche na bei isiyomfikia mkulima

*Nina ekari tatu Shimba Hills. Wamekuja watu wanauza miche ya kakao, wanasema baada ya miaka michache nitavuna pesa. Ninunue? – Msomaji, Kwale*

Swali hili nimeshalijibu hapa zaidi ya mara moja, na hurudi kila wauza miche wanapopita. Ndugu yangu, usinunue. Mkakao unataka mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka, tena iliyotawanyika. Pwani yetu hupata kama 1,000, na nyingi hushuka kwa mpigo masika. Januari na Februari kaskazi inavuma, udongo unapasuka, na mkakao hauwezi ukavu huo wala upepo huo. Ukiupanda chini ya mwembe na kuumwagilia utamea, lakini kumea si kulipa. Kyela, Tanzania, wanafaulu kwa sababu ya mvua kubwa ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na Bundibugyo, Uganda, wana milima ya Rwenzori juu yao. Wewe una nini?

Waliopanda mbono kaburi kwa ahadi ya mafuta ya dizeli wanajua aliyefaidika: ni aliyeuza mbegu. Muulize huyo wa miche ni nani atakayenunua mavuno, na mkataba uko wapi. Asipouonyesha, mfungie lango.

*Nani anaongoza kwa kakao duniani, Brazil au Ghana?*

Si Brazil wala Ghana, ni Côte d'Ivoire, inayotoa karibu asilimia 40 ya kakao yote.

*Tulisikia 2024 bei imevunja rekodi. Mbona wakulima wa Afrika Magharibi bado wanalia? – Msomaji, Kisauni*

Hili ndilo swali nililolingoja. Machi 2024 tani moja ilipita dola 10,000 kule New York. Mvua nyingi za 2023 ziliozesha matunda mitini, ukame ukafuata, na mikakao mingi ya Ghana na Côte d'Ivoire ni mizee au ina virusi vya kuvimba matawi, ambavyo dawa yake ni kung'oa mti. Kakao ikaadimika.

Sasa tazama mkulima. Aprili 2024 serikali ya Côte d'Ivoire ilipandisha bei ya shambani hadi faranga 1,500 kwa kilo, kama dola mbili na nusu. Sokoni kilo hiyo hiyo ilikuwa dola 10. Bodi za kakao za nchi hizo huuza sehemu kubwa ya mavuno mapema, hata mwaka mmoja kabla, kisha hupanga bei moja ya msimu. Bei ya dunia ikianguka, mkulima analindwa. Ikipaa, anabaki chini akiitazama. Ndiyo maana magunia ya Ghana yalivushwa usiku kuingia Togo.

Siwalaumu wenye bodi peke yao. Ugonjwa mkubwa ni kuuza punje ghafi. Kakao ya Uganda inapita hapa hapa bandarini kwetu ndani ya magunia, inakwenda kusagwa kwa wengine, na sisi tunanunua chokoleti inaporudi. Wapwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofungwa miaka ya 1990, mkulima wa mikorosho aliachwa mikononi mwa madalali, na wengi walikata miti wakachoma makaa.

*Mwanangu amekataa chokoleti, anasema inatokana na jasho la watoto. Ni kweli? – Mama, Tudor*

Ni kweli, mama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa 2020 ulikadiria watoto milioni 1.56 wanafanya kazi za kakao Ghana na Côte d'Ivoire. Wengi wako mashambani mwa wazazi wao, wakipasua matunda kwa panga na kubeba mizigo iliyowazidi. Wapo pia waliosafirishwa kutoka Burkina Faso na Mali. Makampuni makubwa yaliahidi mwaka 2001 kumaliza maovu haya ifikapo 2005, kisha yakasogeza tarehe tena na tena. Baba anayelipwa vizuri huajiri kibarua. Asiyelipwa humchukua mwanawe. Msifu mwanao.

*Shemeji yangu wa Kyela anaanika punje siku ile ile ya kuvuna ili auze haraka. Wanunuzi wanamkata bei. Wanamwonea?*

Hawamwonei. Punje ikitoka tundani imefunikwa ute mweupe mtamu, na ladha ya chokoleti bado haimo. Azirundike kwenye sanduku la mbao au azifunike kwa majani ya mgomba siku tano hadi saba, akizigeuza. Rundo litapata joto la nyuzi 45 na zaidi, ute utachuruzika, harufu itakuwa ya siki. Hapo ndipo aanike, juu ya jamvi au kichanja, asithubutu ukingoni mwa barabara penye moshi wa malori. Apasue punje moja kwa kisu: ya kahawia yenye mifereji iko tayari, ya kijivu iliyoshikana kama jiwe haikuchachuka. Kisha auze kupitia ushirika. Anayepita na mzani nyumba kwa nyumba anajua shemeji ana shida ya ada ya shule.

*Unga wa kokoa wa dukani na ule wa kunywa ni kitu kimoja?*

Hapana. Soma pakiti: sukari ikitajwa kwanza, umenunua sukari.

*Nitumie namba ya mnunuzi.*

Sitoi. Ulizeni vyama vya ushirika.

*Mwezi ujao naenda Bundibugyo. Nikuletee miche miwili kwenye begi?*

Tafadhali, usilete hata jani. Mimea haivushwi mpaka bila kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, na sababu ipo. Mwaka 1989 kuvu iitwayo ufagio wa mchawi ilionekana Bahia, Brazil, ikitokea Amazon. Kabla yake Brazil ilikuwa inavuna karibu tani 400,000 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilikuwa imebakiwa na kama robo, na vibarua wa mashamba yale walihamia mijini bila kazi. Ukifika Bundibugyo, nunua punje zilizokauka vizuri, na umlipe mkulima mwenyewe.