Maswali ya Wasomaji: Mkate wa Chachu ya Nyumbani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mkate unaoumuliwa kwa chachu ya unga na maji iliyoachwa ichachuke yenyewe, bila hamira ya pakiti. Tumechagua nne.

SWALI: Shikamoo mhariri. Chachu yangu inapanda vizuri, lakini mkate umenishinda. Ninafuata maelekezo niliyoyapata kwenye intaneti: ninakanda saa mbili usiku, ninafunika bakuli, ninaliacha mezani hadi alfajiri, kisha ninaoka. Kila nikifunua ninakuta donge limelegea na linanata mikononi, na likiingia kwenye oveni linatandaa kama chapati. Nimebadilisha unga na nimepunguza maji, hali ni ile ile. – Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Maelekezo hayo bila shaka yameandikwa na mtu ambaye jikoni kwake usiku kuna nyuzi joto 18 hadi 20. Moshi, mwezi Januari na Februari, joto la mchana hupita nyuzi 30, na jiko lililofungwa madirisha huweza kubaki na nyuzi 26 au zaidi hadi usiku wa manane. Kasi ya chachu huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi nane hadi kumi, kwa hiyo donge ambalo kwa mwandishi wako lingekuwa tayari saa kumi na mbili asubuhi, kwako limekuwa tayari saa saba usiku wakati wewe umelala, na katika saa zilizobaki asidi na vimeng'enya vya unga vimeendelea kuuvunja utando wa gluteni, yaani protini ya ngano, unaoshika gesi. Ndiyo maana kupunguza maji hakukusaidia: utando ukishavunjika haushiki gesi, donge liwe gumu au laini.

Hamishia kazi mchana. Kwa gramu 500 za unga tumia gramu 325 za maji baridi, gramu 75 za chachu iliyolishwa asubuhi ikapanda, na gramu 10 za chumvi. Changanya saa tisa alasiri. Katika saa mbili za kwanza, kila baada ya nusu saa, lowanisha mkono, shika ukingo wa donge, livute juu bila kulikata na ulikunje kuelekea katikati, ukizunguka bakuli lote. Mkunjo wa kwanza utakatika ovyo. Kufikia wa nne utaona donge linavutika na uso wake unang'aa.

Sasa kuhusu kujua lini limetosha, kwa kuwa hapa ndipo mikate mingi inapoharibikia. Mara tu baada ya kuchanganya, kata kipande cha ukubwa wa limau, kibonyeze ndani ya bilauri nyembamba, funga mpira wa kufungia pesa kwenye usawa wake, na uiweke bilauri hiyo kando ya bakuli ili vyote vipate joto moja. Kipande kikipanda kwa nusu hadi robo tatu ya kimo chake cha mwanzo, lifinyange donge, liweke kwenye bakuli lenye kitambaa kilichonyunyizwa unga wa mchele, na uliingize kwenye friji hadi asubuhi. Usisubiri lipande maradufu, kwa sababu donge halipoi papo hapo na chachu huendelea kufanya kazi kwa muda ndani ya friji. Kwa joto la Moshi hatua hii huchukua saa nne hadi tano. Mwezi Julai inaweza kufika saa nane. Mimi ningeiamini bilauri kabla ya saa ya ukutani.

Jambo dogo la mwisho: soma pakiti ya unga wako. Unga wenye protini gramu 11 au 12 katika kila gramu 100 hustahimili safari hii ndefu vizuri zaidi kuliko ule laini wa keki.

SWALI: Nilianza chachu kwa unga wa ngano na maji. Siku ya pili ilipanda ikafurika chupa, nikafurahi sana. Tangu hapo imenyamaza kabisa. Nianze upya? – Kijana wa Usa River, Arusha

JIBU: Usianze upya. Kilichofurika siku ya pili hakikuwa hamira, bali ni bakteria wa mwanzo wanaotoa gesi nyingi lakini wasiovumilia uchachu. Mchanganyiko unapochachuka wao huzimika, na hufuata siku kadhaa za ukimya hadi bakteria wa asidi ya laktiki na hamira za asili zilizokuwamo ndani ya unga zishike nafasi. Watu wengi huimwaga chachu yao katika siku hizo hizo.

Kila siku bakiza gramu 30, ongeza gramu 30 za unga na gramu 30 za maji. Maji ya bomba yenye klorini yachemshe kwanza na uyaache yapoe. Mara moja au mbili badilisha kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa unga wa ulezi usiokobolewa, ambao kwenu hauwezi kukosekana, maana nafaka nzima huja na vijidudu na chakula chake. Chachu iko tayari inapopanda maradufu ndani ya saa sita hadi nane baada ya kulishwa, si mara moja tu bali mara mbili mfululizo, na hilo huchukua wiki moja hadi mbili.

SWALI: Niliposafiri niliacha chachu kwenye friji kwa zaidi ya mwezi. Juu kuna maji ya kijivu na harufu yake ni ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Baba watoto anasema itatuua. – Mama wa Njiro, Arusha

JIBU: Mwambie baba watoto atulie. Maji hayo ni pombe kidogo iliyojitenga juu, na harufu hiyo ni dalili ya njaa. Yamwage, chukua gramu 10 za chachu kutoka chini, zilishe gramu 50 za unga na 50 za maji, na urudie ikishapanda. Kinachotakiwa kukutisha ni ukungu wenye manyoya au michirizi ya waridi au ya rangi ya chungwa. Ukiona hivyo mwaga yote na uoshe chupa, usijaribu kuchota sehemu inayoonekana safi. Tena, hakuna sababu ya kufuga chupa nzima ya lita: gramu 30 zinatosha, na kinachobaki kila unapolisha huchanganywa na yai na chumvi kikawa chapati za maji.

SWALI: Sisi wa Marangu tusio na oveni tufanyeje? – Msomaji wa Marangu

JIBU: Mnaoka kama mnavyooka keki kwa mkaa, ila kwa moto mkali zaidi. Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa, tandaza mchanga mkavu kiasi ndani yake, uipashe moto kwa dakika 20 ikiwa imefunikwa, kisha ingiza sufuria ndogo yenye donge la gramu 300 za unga lililochanjwa kwa wembe. Theluthi mbili ya makaa iwe juu ya mfuniko na theluthi moja chini, la sivyo kitako kitaungua kabla ya uso kubadilika rangi. Fanyeni kazi hii nje kwa sababu ya hewa ya mkaa. Dakika 25 za kwanza msifunue, kwa kuwa mvuke uliomo ndiyo unaoliacha ganda litanuke. Baada ya hapo tazameni kila baada ya dakika tano hadi mkate uwe wa kahawia iliyokolea na ulie mtupu ukigongwa kwa chini. Kisha uacheni upoe kwa saa moja kamili kabla ya kuukata, kwa sababu wanga wa ndani bado unakaza, na mkate uliokatwa wa moto hunata kisuni hata kama umeiva.